Nchi Ndogo Zikiungana: Somo kwa Watu wa Kaloleni

Mtu akishuka kutoka Kaloleni kwenda Mariakani, hukuta barabara kuu itokayo Mombasa kuelekea bara. Mchana na usiku hupita humo magari makubwa yenye namba za Kenya, za Uganda, za Rwanda na za nchi nyingine. Yako yaliyobeba mafuta ya petroli, na yako yaliyobeba ngano, chuma, mbolea na nguo. Sehemu kubwa ya mizigo hiyo si ya Pwani, inapita tu. Basi yafaa tujiulize: ni kwa mapatano gani mzigo wa mtu wa Kampala huhesabiwa ushuru wake hapa Mombasa kabla haujaondoka gatini, kana kwamba nchi hizi mbili zina forodha moja? Na mtu wa Kaloleni, ambaye barabara hiyo yapita mlangoni pake, apata nini katika mapatano hayo?

Jibu ni kwamba nchi hizo zimeungana katika umoja wa biashara uitwao Jumuiya ya Afrika ya Mashariki. Somo la juma hili laeleza umoja wa namna hiyo ni kitu gani, kwa nini nchi ndogo huutafuta, ule wa kwanza ulivunjika kwa sababu zipi, na raia wa kawaida apaswa kuangalia nini ili huu wa pili usifuate njia ile ile.

UMOJA WA BIASHARA NI NINI?

Tuseme mchuuzi anunua nazi Kaloleni ili azipeleke Kampala. Kama Kenya na Uganda hazikuungana, atakapofika mpakani ofisa wa forodha atamtoza ushuru kama vile nazi hizo zimetoka ng'ambo ya bahari. Ushuru huo ataujumlisha katika bei, na mnunuzi wa Kampala ndiye atakayeulipa. Bei ikizidi sana mnunuzi ataacha, na mkulima wa Kaloleni atabaki na nazi zake.

Nchi zikiungana, jambo la kwanza zifanyalo ni kuondoa ushuru huo wa ndani. La pili ni kupatana kiwango kimoja cha ushuru kwa mali itokayo nje. Huu ndio Umoja wa Forodha. Ni kama nyumba kadha zilizo ndani ya ua mmoja: milango ya ndani i wazi kwa wenye nyumba wote, na ua wa nje ni mmoja, wenye lango moja na sheria moja.

Baada ya hatua hiyo huweza kufuata Soko la Pamoja, ambamo si mali tu ivukayo mipaka, bali pia watu, kazi na fedha za kuanzishia biashara. Hatua ya tatu ni kutumia sarafu moja, na ya mwisho ni shirikisho la siasa, yaani serikali moja juu ya nchi zote. Si lazima kila umoja upande ngazi zote nne. Upo unaosimama katika ya kwanza, na upo unaorukia ya juu kabla haujaimarisha ya chini, ukaanguka.

KWA NINI NCHI NDOGO HUUNGANA?

Sababu ya kwanza ni soko. Mashine ya kiwanda hugharimu fedha nyingi, na gharama hiyo hurudi tu kama mali nyingi zinauzwa. Mariakani kuna kiwanda cha mabati. Kiwanda cha namna hiyo kikiuza katika wilaya chache tu, bati moja litakuwa ghali. Kikiuza Kenya, Uganda, Rwanda na Kongo, gharama ya mashine hugawanyika juu ya mabati mengi, na kazi za mikono huongezeka.

Sababu ya pili ni njia. Uganda, Rwanda, Burundi na Sudani Kusini hazina bahari. Kila pipa la mafuta na kila mfuko wa kahawa hauna budi kupita katika nchi ya jirani. Nchi isiyo na bahari hutaka uhakika kwamba lango halitafungwa, na nchi yenye bandari hutaka uhakika kwamba mizigo itaendelea kupita kwake.

Sababu ya tatu ni sauti. Taifa dogo likienda peke yake kuzungumza bei na ushuru na mataifa makubwa, husikilizwa kidogo. Yakienda manane pamoja, husikilizwa zaidi.

Mambo hayo si ya Afrika peke yake. Mwaka wa 1944, wakati vita kuu vilipokuwa vingali vikiendelea, serikali za Ubelgiji, Uholanzi na Luxembourg, zilizokuwa uhamishoni London, zilipatana kuungana katika forodha. Umoja wao ulianza kazi mwaka wa 1948. Nchi hizo tatu ndogo hatimaye ziliingia pamoja na Ufaransa, Ujerumani ya Magharibi na Italia katika mkataba wa Roma wa mwaka wa 1957, uliozaa Umoja wa Ulaya wa leo.

Wala kwetu Pwani wazo hili si geni. Wagiriama, Wadigo, Waduruma, Warabai, Wachonyi, Wakambe, Waribe, Wajibana na Wakauma walikuwa kila mmoja na kaya yake na wazee wake. Katika miaka ya 1940 walianza kujulikana kwa jina moja la Wamijikenda, ili wasikilizwe pamoja. Hata hivyo hakuna aliyeambiwa aache kaya yake. Kaya Fungo ya Wagiriama ingali ipo hapa Kaloleni. Umoja mzuri haumnyang'anyi mtu kwao.

UMOJA WA KWANZA

Umoja wa forodha wa Afrika ya Mashariki ni mkongwe. Kenya na Uganda ziliunganishwa mwaka wa 1917, na Tanganyika ikaingia mwaka wa 1927. Bodi moja ya sarafu iliundwa mwaka wa 1919, na shilingi ya Afrika ya Mashariki ikaanza kutumika mwaka wa 1921. Mwaka wa 1948 iliundwa Halmashauri Kuu ya Afrika ya Mashariki ya kusimamia reli, bandari, posta, simu, forodha na utafiti kwa nchi zote tatu.

Lakini umoja huo uliundwa na Waingereza, wala wananchi hawakuulizwa. Waafrika wengi wa Uganda na Tanganyika waliuogopa, wakidhani kwamba shirikisho lingewatia chini ya masetla wa Kenya. Hofu hiyo ilidhihirika mwaka wa 1953. Waziri wa Makoloni, Oliver Lyttelton, alipotaja London uwezekano wa shirikisho, Buganda ilichafuka. Kabaka Mutesa wa Pili alidai ahadi kwamba jambo hilo halitafanyika, na mwisho wa mwaka huo akapelekwa uhamishoni Uingereza. Alirudi mwaka wa 1955. Hapa pana fundisho la kwanza: umoja ambao watu hawakushauriwa, hata kama una faida, huwaingia kama mzigo.

Baada ya uhuru nchi hizo tatu ziliamua kuendelea pamoja kwa hiari yao. Tarehe 6 Juni, 1967, marais Jomo Kenyatta, Julius Nyerere na Milton Obote walitia sahihi mkataba wa Jumuiya mjini Kampala, na tarehe 1 Desemba ukaanza kutumika. Makao makuu ya Jumuiya yaliwekwa Arusha. Ya reli na ya ndege, Nairobi. Ya bandari, Dar es Salaam. Ya posta na simu, Kampala. Mgawanyo huo ulifanywa ili kila nchi ione kwamba nayo ni mwenyeji.

Miaka kumi haikutimia kabla Jumuiya hiyo haijafa.

KWA NINI ULIVUNJIKA?

Watu wakila kikoa, kila mmoja hupika kwa zamu yake na wote hula. Mtu akiona kwamba zamu yake ya kupika hufika kila mara, bali sahani ikimfikia imebaki ukoko, hatagombana siku ya kwanza. Atanyamaza, kisha siku moja hatakuja. Hivyo ndivyo ilivyokuwa.

Tangu siku za ukoloni viwanda vingi vilijengwa Kenya, hasa Nairobi. Mtu wa Dodoma au wa Gulu alinunua mali ya Kenya, mara nyingine kwa bei kubwa kuliko ile ya ng'ambo, kwa kuwa ushuru wa pamoja ulizuia ile ya ng'ambo. Serikali yake ilikosa ushuru ambao ingaliupata kama mali hiyo ingalitoka Ulaya au Asia. Na kazi ya kiwandani aliipata kijana wa Nairobi, si kijana wake. Kwa hiyo mtu huyo alilipa mara tatu: katika bei, katika mapato ya serikali yake, na katika kazi ambayo mwanawe hakuipata.

Viongozi waliliona tatizo hilo, nao walijaribu dawa. Mwaka wa 1961, kwa shauri la tume ya Sir Jeremy Raisman, sehemu ya ushuru na ya kodi ya makampuni ilitiwa katika mfuko mmoja. Nusu ya mfuko iliendesha huduma za pamoja, na nusu iligawanywa sawasawa kwa nchi tatu. Mwaka wa 1964 yalifanywa mapatano Kampala ya kugawana viwanda, lakini hayakutekelezwa kwa ukamilifu. Mkataba wa 1967 ulileta kodi ya uhamisho, ambayo kwayo nchi iliyokuwa nyuma iliruhusiwa kuvitoza bidhaa za viwanda za jirani ili kulinda viwanda vyake vichanga. Tena ulianzisha Benki ya Maendeleo ya Afrika ya Mashariki. Kila nchi ilitia mtaji sawa na mwenziwe, lakini benki ilipaswa kutumia asilimia 38.75 ya fedha zake Tanzania, asilimia 38.75 Uganda, na asilimia 22.5 tu Kenya.

Dawa zilikuwa nzuri, lakini ugonjwa ulikuwa mkubwa kuliko kipimo cha dawa, na magonjwa mengine yakaongezeka. Tanzania ilitangaza Azimio la Arusha mwezi wa Februari, 1967, ikashika siasa ya Ujamaa, hali Kenya ilifuata biashara ya watu binafsi. Mipango ya nchi hizo mbili ikawa vigumu kulingana. Tarehe 25 Januari, 1971, Idi Amin alimpindua Obote, na Mwalimu Nyerere akakataa kuketi naye meza moja. Tangu hapo baraza la marais watatu halikukutana tena, ingawa mkataba uliliwekea mikononi maamuzi yote makubwa. Kisha mashirika ya pamoja yakaanza kugombania fedha: tawi la nchi moja halikutaka kupeleka makusanyo yake katika makao makuu yaliyo katika nchi nyingine. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari lilikuwako, ila kila mmoja alishika lake.

Mwanzoni mwa 1977 Shirika la Ndege la Afrika ya Mashariki lilisimama. Mwezi wa Februari mwaka huo Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na kufikia katikati ya mwaka Jumuiya ilikuwa imekwisha.

HASARA YAKE

Mpaka ule ulikaa umefungwa zaidi ya miaka sita, mpaka Novemba, 1983. Watu wa Pwani waliyajua machungu yake. Wadigo, ambao ni Wamijikenda wenzetu, wako Kwale na wako Tanga. Mpaka ulipita katikati ya ukoo.

Kugawana mali ya nyumba iliyovunjika kulichukua miaka pia. Mpatanishi, Victor Umbricht wa Uswisi, alifanya kazi hiyo mpaka tarehe 14 Mei, 1984, mapatano yalipotiwa sahihi Arusha. Kenya ilipewa asilimia 42 ya mali, Tanzania asilimia 32, na Uganda asilimia 26. Wafanyakazi wengi wa mashirika yaliyokufa walikaa miaka mingi wakidai haki zao.

Yapasa kuangalia ni vitu gani havikufa. Benki ya Maendeleo iliendelea. Baraza la Vyuo Vikuu liliendelea. Chuo cha urubani cha Soroti kiliendelea. Na katika mapatano yale ya 1984 nchi tatu ziliandika kwamba zitatafuta tena njia za kushirikiana. Mbegu ilifukiwa, haikutupwa.

UMOJA WA PILI

Mkataba mpya ulitiwa sahihi Arusha tarehe 30 Novemba, 1999, ukaanza kutumika tarehe 7 Julai, 2000. Rwanda na Burundi ziliingia mwaka wa 2007, Sudani Kusini mwaka wa 2016, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka wa 2022, na Somalia mwaka wa 2024. Sasa wanachama ni wanane, na watu ni zaidi ya milioni 300.

Umoja wa Forodha ulianza mwaka wa 2005, na katika kuuanzisha wakubwa walikumbuka kosa la zamani. Mali ya Uganda na ya Tanzania iliingia Kenya bila ushuru tangu mwanzo, lakini baadhi ya mali ya viwanda vya Kenya iliendelea kutozwa ushuru katika nchi hizo mbili, ukipungua mwaka hata mwaka, mpaka ukaisha mwaka wa 2010. Aliyetangulia alikubali kungoja wenzake. Mwaka huo huo wa 2010 Soko la Pamoja likaanza. Sarafu moja ilikusudiwa iwe tayari mwaka wa 2024, lakini mwaka huo ulipita bila sarafu hiyo.

YANAHUSU NINI KALOLENI?

Yanahusu kwanza mnazi. Mkulima wa nazi hashindani na mkulima mwenzake tu. Hushindana pia na mafuta ya mawese yatokayo Malaysia na Indonesia. Ushuru wa mafuta hayo hauamuliwi Nairobi peke yake, bali hupatanwa na mawaziri wa nchi zote. Tangu tarehe 1 Julai, 2022, ushuru wa nje una ngazi nne: sifuri, asilimia 10, asilimia 25, na asilimia 35. Mafuta ya kula yamo miongoni mwa aina za mali zilizotiwa katika ngazi hiyo ya juu. Lakini kila mwaka nchi moja moja huweza kuomba ruhusa ya kutoza kiwango kingine, na kwa hiyo ua una matundu. Chama cha wakulima kisichojua habari hizo kitashtukia tu bei ya nazi imeanguka, kisijue ni nani wa kumwuliza.

Yanahusu pili mchuuzi mdogo. Mtu mwenye mali isiyozidi thamani ya dola 2,000, iliyolimwa au kutengenezwa ndani ya Jumuiya na kutajwa katika orodha iliyokubaliwa, huweza kupata mpakani cheti chepesi cha asili ya bidhaa, akavuka bila kutozwa ushuru wa forodha. Lunga Lunga na Horohoro maofisa wa Kenya na wa Tanzania hufanya kazi pamoja, ili msafiri akaguliwe mahali pamoja. Hata hivyo cheti hicho hakimwondolei mtu kanuni za afya ya mimea wala kodi za ndani. Asiyejua haki yake hupita njia za panya, na huko huporwa.

Yanahusu tatu unga. Mvua ikikosa Kilifi, mahindi hutoka mbali. Tarehe 5 Machi, 2021, Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu. Siku chache baadaye iliyaruhusu tena, kwa sharti la cheti cha kupimwa. Kuilinda afya ya mlaji ni haki. Lakini kufunga lango ghafula, bila kuwaarifu wenzako, ni jambo jingine. Wala Kenya haiko peke yake. Mwaka wa 2017 Tanzania ilichoma moto vifaranga 6,400 vilivyotoka Kenya kupitia Namanga, ikisema ni kwa kuzuia maradhi. Njia ya Gatuna, kati ya Rwanda na Uganda, ilifungwa Februari, 2019, ikafunguliwa Januari, 2022. Katika mambo hayo yote, aliyepata hasara ni mtu wa kikapu na wa baiskeli.

FUNDISHO

Kwa ufupi, umoja wa nchi ndogo hausimami kwa mapenzi, wala kwa hotuba, wala kwa bendera. Husimama juu ya mafiga matatu. La kwanza ni mgao: aliye nyuma aone kwa macho yake kwamba sahani humfikia. La pili ni daftari: kila mwanachama alipe mchango wake kwa wakati, na hesabu isomwe mbele ya wote, michango inayochelewa ni ugonjwa ambao Jumuiya ya sasa imeujua kwa miaka mingi. La tatu ni mashauri: asifunge mtu lango kabla ya kusema na jirani, na raia waelezwe mambo yanayoamuliwa kwa jina lao. Figa moja likiondolewa, chungu humwagika, na hakimchagui wa kumwunguza.

MASWALI YA KUZUNGUMZA BARAZANI

1. Ikiwa nazi za Tanga zitauzwa Mombasa kwa bei ndogo kuliko za Kaloleni, ni nani atakayepata faida na nani hasara? Mkulima wetu afanye nini zaidi ya kulalamika?

2. Kenya ilikubali kuwangoja wenzake kati ya 2005 na 2010. Je, ilipoteza au iliweka akiba?

3. Nchi ikiona mali ya jirani ni mbovu, ni njia gani ya kuizuia bila kuvunja ujirani?

4. Katika kijiji chenu, ni nani ajuaye masharti ya cheti chepesi cha mpakani? Kama hakuna, ni nani atakayetumwa kuuliza?